Kugonga Mara Mbili

Ucheke usicheke, yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Alikuwa safarini na shemeji yake, wakilifufua gari lao kuukuu la safari za porini, lenye bati badala ya madirisha, kila walipotua. Mchana mmoja wakaanza mlango wa nyuma. Shemeji angeingia ndani, gizani, na nyundo. Fundi abaki nje akikinga bati kwa chuma. Kugonga mara mbili maana yake: piga!

Fundi akagonga. Yakashuka mapigo ya hasira, mfululizo, hadi chuma kikamvunja vidole vitatu, damu ikaruka.

“Shemeji, basi! Utaniua!”

“Nani, mimi?”

Shemeji alikuwa nyuma yake, ndiyo kwanza anarudi na nyundo yao pekee, aliyokuwa ameifuata.

Ndani ya gari kukagongwa mara mbili.