King'ora Namba Tatu

Mwili wa Yosefina ulikutwa saa tatu asubuhi, umenasa kwenye mpunga uliolala, nusu kilomita kutoka kibanda alichokuwa akilindia ndege. Kamba ya makopo ya kufukuzia kwelea kwelea ilikuwa bado imemzunguka mkono. Mdogo wake, Margareta, aliyenusurika kwa kupanda mti, ndiye aliyemtambua.

Mto ulikuwa umepanda jana yake, mchana kweupe. Mbugani kuna ving'ora vitano vya mafuriko. Vinne vililia. Namba tatu, kilicho jirani na kibanda cha Yosefina, kikanyamaza. Eti hitilafu! Inspekta Restituta alikuwa amelichoka neno hilo.

Alikwenda chumba cha mitambo, Ifakara mjini. Margareta akafuata nyuma, na hakuna askari aliyethubutu kumzuia.

"Shikamoo afande," alisema Anselim, fundi wa ving'ora. "Poleni. Hizi kompyuta, basi tu! Ngoja niizime niwashe, itakaa sawa."

"Toa mkono! Ukigusa hiyo swichi nakuvunja vidole."

Kwetu kila kitu dawa yake ni zima-washa: redio, pampu, simu. Lakini programu ya ving'ora haikuwa imezimwa tangu Februari, na ikizimwa, chochote kilichopenyezwa ndani yake ikiwa kazini kingepotea palepale.

Koplo Kristina, mtaalamu wa uhalifu wa mtandao, alianza na faili ambamo programu imeandikwa. Kipande kinachopiga ving'ora kilikuwa safi: onya(kina). Kinapokea kina cha maji, kinapiga vyote. Basi.

"Si mnaona?" Anselim alisema. "Faili inakaguliwa kila Jumatatu."

"Na wewe unalijua hilo," Kristina alijibu. "Sasa tuiulize programu yenyewe, ikiwa kazini."

Aliandika mstari mmoja, akiitaka ieleze kipande hichohicho kinapokea nini sasa hivi. Jibu likaja: onya(kina, ruka=3).

"Ruka tatu," Restituta alisoma. "Nani kaweka?"

"Sijui, afande."

"Kristina, kiulize kimeandikwa wapi."

Mstari mwingine. Kipande kikataja faili kilikotoka: /home/anselim/shamba.py.

"Shamba gani, Anselim?"

Anselim akaitupia jicho swichi.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Shamba gani?"

"Langu. Eka sita, pale kwenye namba tatu. Kikilia tu, walinzi wangu wanakimbilia barabarani. Mara tatu mwezi huu, na maji hayakufika! Ndege wakashuka. Mchana mmoja tu, eka mbili zikabaki makapi. Nikaona heri kinyamaze mpaka tuvune. Kwenye faili wangeniona, kwa hiyo nikabadilisha ndani kwa ndani, programu ikiendelea."

"Na Yosefina alikuwa mlinzi wa nani?"

"Wangu."

Restituta alimfunga pingu, akazikaza kuliko ilivyohitajika, na wala hakujuta.

"Sikutaka kuua mtu, afande. Nilijua wakiyaona maji watakimbia wenyewe."

"Tuliyaona!" Margareta alifoka kutoka mlangoni. "Yalifika magotini. Nikamwambia dada tukimbie. Akasema king'ora hakijalia, tusiuache mpunga wa Anselim uliwe na ndege."