Kaseti ya Pili ya Blandina

Ndugu zangu wa Mbulumbulu, nisikilizeni. Atakayekasirika na akasirike.

Asubuhi ile Selestina alikuwa uani anapepeta maharage, jua limetoka vizuri, kuku wanamzunguka miguuni. Kuinua macho, akamwona shemeji yake Josephati anapigilia vigingi katikati ya shamba.

"Shemeji, unapima nini?"

"Mpaka. Marehemu kaka Tluway, mumeo, hapa nilimwazima tu. Kama una karatasi, lete."

Karatasi hana. Nani anayo? Mwaka 1988 tulipima mashamba yote, tukafukia mawe ya mipaka, tukaandika daftari. Viongozi wetu wakalitupa daftari kwenye ghala linalovuja, mchwa wakala. Majina yao ninayo, sijasahau hata moja.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejali. Blandina alikuwa mpiga chapa wa mradi wa kilimo pale parokiani. Padri mgeni alipoondoka alimwachia kompyuta ya nyumbani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Kabla daftari halijatupwa, Blandina aliliingiza zima kwenye diski, vile vibamba vyembamba vya plastiki. Hakuridhika. Akaunganisha waya kwenye redio kaseti, akahamishia yote kwenye kanda, jioni baada ya jioni, redio inalia kama nyuki ndani ya debe.

"Dada Blandina anarekodi kwaya ya nyuki!" Ni mimi niliyesema hivyo.

"Cheka tu," alijibu. "Diski zikiota ukungu, kanda itabaki."

Kisha akavunja vile vipande viwili vidogo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi kitu kingine juu yake.

Basi Selestina akakimbilia kwake, nasi majirani nyuma. Diski zilikuwa na ukungu mweupe kama unga. Blandina akachukua kaseti, akaipachika kwenye redio. Akabonyeza.

Ikatoka Aleluya.

Mwaka 1991 niliiazima kaseti ile bila kuomba, nikaziba kwa karatasi matundu ya vile vipande alivyovunja, nikarekodi kwaya yetu ya Pasaka. Selestina akakaa chini kwenye vumbi. Blandina akanitazama.

"Kumbe ni wewe. Hiyo besi naijua. Na uliimba vibaya."

Kisha akamgeukia Selestina. "Inuka, mwanangu. Ya pili iko Kakesio, kwa Naishorua."

Naishorua ni mfugaji, rafiki yake tangu shuleni. Tukamtumia mtu, naye akafika siku ya tatu, kaseti ndani ya kopo la maziwa, kopo limefungwa kwenye shuka.

"Mama, miaka yote hii ulijua kuna nini humo?" nilimuuliza.

"Sikujua. Aliniambia nisiipige, nisiiazimishe. Basi, sikuipiga, sikuiazimisha."

Kompyuta ikafunuliwa khanga yake, ikawashwa. Nyuki wakalia dakika saba. Safari hii hakuna aliyecheka. Maandishi yakajipanga kwenye televisheni: shamba la Tluway, jiwe la kusini, mita arobaini na mbili kutoka ukingo wa korongo.

Wazee wa baraza wakavuta kamba, Josephati anatazama. Pale kamba ilipoishia palikuwa mbali sana ng'ambo ya vigingi vyake. Selestina akakataa kusaidiwa, akachimba mwenyewe. Jembe likagonga jiwe.

Josephati akaanza kung'oa vigingi, kimoja kimoja, bila kuambiwa na mtu.

FUNZO

Kumbukumbu ya watu isikae nyumba moja, wala mikononi mwa wasiojali. Nakilini. Mkishanakili, mpeni mwingine nakala, tena mtu wa kushika neno kama Naishorua. Na mkimwona mtu anahangaika kutunza kilicho chenu, msimcheke. Mimi nilicheka, nikafuta, nusura mjane apoteze shamba kwa sababu ya wimbo wangu.

Blandina ameshatengeneza nakala ya tatu. Nilimwomba niitunze mimi. Amekataa, na amefanya vyema.