Daraja la Uingereza Ukutani kwa Placide

Jumamosi mtaa wa Rockey, Yeoville, hapa Johannesburg, haupitiki. Meza za nyanya zimemwagika hadi barabarani, muziki wa kila duka unagombana na wa jirani. Falonne, msusi wa Kikongo, aliruka nyuma kukwepa taksi akamkanyaga mwanamume kwenye kiatu cheupe.

"Eish, dada! Kiatu cha kuazima hicho!"

Falonne akamkagua: suti ya bluu, tai nyekundu, jasho shingoni. "Na suti je?"

"Suti pia."

Wakacheka. Aliitwa Égide, Mrundi, mlinzi wa geti huko Rosettenville. Alikuwa anaingia kwa Placide, mpiga picha. Ukutani kwa Placide kuna pazia lenye picha ya mfereji wa zamani wa Uingereza: maji yametulia, mashua nyembamba, na juu yake kidaraja cha matofali cha waendao kwa miguu. Watu wetu husimama mbele ya kidaraja hicho, hupigwa picha na kuzituma nyumbani.

Mapenzi yakaanza, simu zikawa hazizimi.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula nywele za watu tangu asubuhi."

"Nikuletee chipsi?"

"Leta. Ila huo mdomo wako uuache getini."

Shida ikaja kwenye posa. Kwao Burundi kijana hajisemei. Wazee wa ukoo ndio wanaobisha hodi kwa wazazi wa binti, na sisi tuliotawanyika tunabisha kwa simu. Mama yake Falonne, Maman Célestine, akangoja hiyo simu. Kila siku Égide ana sababu: leo mtandao mbaya, kesho baba yake mkubwa anaumwa. Mama akachoka. Akaomba namba ya huyo baba mkubwa kwa Mrundi mmoja anayesali naye kanisani, akapiga mwenyewe, Falonne akiwa pembeni.

"Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa Falonne, huku Johannesburg. Mtoto wenu Égide anataka kumuoa binti yangu."

"Johannesburg? Mama, tafuta wengine wa kuwatapeli! Égide wetu yuko Uingereza. Picha yake iko sebuleni kwangu, amesimama darajani. Na mke tumeshaanza kumtafutia hapa hapa." Akakata.

Falonne alimkuta Égide kwa Placide. "Kumbe uko Uingereza?"

"Chérie, mimi sikusema! Nilituma picha tu. Mama akapiga kelele, 'Umefika!' Kwaya nzima ikaja kuimba nyumbani. Ningewanyamazisha vipi?"

"Kwa kusema hapana. Mpigie sasa. Weka sauti juu."

Akapiga.

"Mwanangu wa Ulaya!" mama yake akashangilia. "Niko na wenzangu wa kwaya, wanakusalimu. Baridi inasemaje?"

Bati la Placide lilikuwa linawaka jua. "Mama... nina jambo."

"Sema, baba."

Huko wanawake walikuwa wanacheka kwa furaha. Égide akamtazama Falonne.

"Baridi kali, mama. Lakini nina koti."

Falonne angeweza kupaza sauti, mambo yakaisha palepale. Akashindwa kumvunja mama wa watu mbele ya wenzake. Akatoka bila kuaga.

Mabinti zetu, sisemi kwamba Égide hakumpenda. Alimpenda sana, na hilo ndilo linaloniumiza. Lakini mwanamume akipokea simu za kwao nje ya mlango, muulize mapema, kabla hujashona gauni. Falonne gauni lilikuwa kwa fundi tayari.

Jumatatu Égide akaja saluni na sare zake za ulinzi, macho mekundu.

"Falonne, tuoane. Twende tukaandikishe ndoa serikalini wiki hii hii. Wa nyumbani watajua polepole."

Vidole vya Falonne havikuacha kusuka. "Umemwambia mama yako?"

"Bado. Ana presha, mpenzi. Habari hii itamuua."

"Na mama yangu aliyeitwa tapeli, yeye hana presha?"

"Nipe muda tu."

"Tukizaa, bibi yake tutamwambia mtoto ni wa wapi? Wa Uingereza?"

Mteja aliyekuwa kitini akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Falonne akachambua nywele nyingine.

"Sogea, Égide. Unaniziba mwanga."