Mzigo Nyuma ya Pikapu

Nasriya, jirani yetu wa Ruwi, Maskati, aliamka vizuri Alhamisi ile ya Februari 1998. Akachoma mikate, akanywa chai, kisha akampigia simu kaka yake Hamdan, fundi wa magari kule Ghala.

"Kaka, leo mwaka umetimia. Nnakuomba unipeleke alipofia mume wangu, nimsomee dua."

Hamdan alikuja na pikapu ile ile aliyofia Thani, mume wa Nasriya. Alikuwa ameinyoosha bodi, akaipaka rangi, akaifanya yake.

Thani aliteleza na mvua kwenye mteremko wa Qantab. Watu wakasema ni kadari. Lakini Nasriya aliyaona matairi kabla gari haijavutwa. Yamelika, vipara vitupu. Na wiki ile ile Thani alinunua mapya, akampa Hamdan amfungie. Tangu hapo Nasriya hakulia tena. Kila akimaliza kusali alinong'ona: "Usilale, Thani. Bado hajasema."

Walipoanza kuteremka Qantab, baada ya alasiri, mbingu ikafunga. Ikashuka mvua ya mawe ambayo Nasriya hajapata kuiona Maskati. Kwa dakika chache lami ikawa nyeupe, barafu na maji vikarojeka pamoja kama uji. Hamdan alitia gia ya pili, akaiogopa breki. Pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma; mkia ukaanza kucheza, kushoto, kulia, naye akiufuata kwa usukani, polepole.

Ghafla mkia ukatulia. Nyuma ikadidimia, kama iliyopakiwa saruji.

"Nani kapanda?" Hamdan alinong'ona.

Kioo cha nyuma kilijaa mgongo wa mtu. Kanzu imerowa. Shingo imelala upande.

"Mwambie," Nasriya akasema.

"Nimwambie nini?"

Uzito ukahamia kushoto, upande wa Hamdan, upande wa bonde. Pikapu ikafuata. Taratibu. Usukani ukawa haushiki kitu.

"Nliyauza! Wallahi nliyauza matairi yako, Thani! Nkakufungia ya kutupa!"

Pikapu ikasimama. Gurudumu moja la mbele liko hewani.

Nasriya akafungua mlango. Hamdan akamdaka mkono. "Nasriya, nisamehe."

"Mimi nshasikia. Muombe yeye."

Akajinasua, akashuka. Akapiga hatua saba kwenye barafu bila kugeuka. Hakusikia ukelele. Alisikia mlango ule aliouacha wazi ukifungwa, pole, kama mtu anayejiweka sawa kitini.

Kisha pikapu ikaondoka, ikatumbukia bondeni.

Hamdan alizikwa kesho yake. Mabaki ya gari yakavutwa hadi Ghala, yakawekwa juani. Siku ya tatu mafundi walimwita Nasriya aje aone. Kiti cha abiria kilikuwa na tabaka la barafu, limebonyea pale anapokaa mtu, halijayeyuka hata tone.

Nasriya alitia mkono pale palipobonyea.

Palikuwa na joto, kama kitanda alichoinuka mtu sasa hivi.