Jina la Emmett Kwenye Orodha ya Waliojitoa

Foleni ya ukaguzi pale mahakamani Dayton ilikwama kwa sababu ya mkanda wa mtu mmoja. Mlinzi alimvua Emmett Kolb, fundi wa mabasi, mkanda huo na suruali ikaanza kuteremka. Nyuma yake Rowena Pruitt, kavaa gauni la bluu na viatu vya kanisani, alicheka hadi machozi.

"Cheka tu, bibie. Si ungeniazima hata pini?"

"Wangeivua na hiyo!"

Yalianzia hapo. Na siku hiyohiyo, siku ya heri jamani, jaji aliidhinisha kesi yao iwe ya pamoja. Kiwanda cha rangi kilikuwa kimeharibu maji ya visima na kudhuru figo za watu elfu nne, Emmett na Rowena wakiwemo. Rowena, mfua nguo wa mtaani, angewawakilisha wote.

Ikawa simu kila jioni. "Mwakilishi wangu, umekula?"

"Nimekula, msumbufu wangu."

Mwaka wa pili mapatano yakafikiwa: kiwanda kitawapima na kuwatibu figo maisha yao yote. Kila mtu aliletewa barua, na asiyetaka kuwemo ajaze fomu ya kujitoa. Walijitoa sita tu. Wakili alipomletea Rowena orodha kwenye kazi yake ya kufua, jina la tatu lilikuwa la Emmett. Akampigia palepale.

"Umejitoa?"

"Nimejitoa, mpenzi, ila..."

"Miaka miwili nahangaika, kumbe huniamini! Usinipigie tena!"

Akakata, akalia juu ya mashuka ya watu.

Siku jaji alipoketi kupima kama mapatano ni ya haki, aliuliza nani ana neno. Emmett akasimama.

"Mheshimiwa, ulisema mwakilishi asiwe na upendeleo. Mimi nampenda huyu mama. Nikaogopa kiwanda kitasema anapigania mpenzi wake, kesi ya watu wote ivunjike. Nikajitoa."

Rowena akaziba mdomo. Mtu kaacha matibabu ya maisha kwa ajili yake, naye kamkatia simu!

"Bwana Kolb," jaji akavua miwani, "kumpenda mwakilishi hakuvunji kesi. Kwa nini hukumuuliza wakili?"

"Niliona aibu."

"Mapatano sijayapitisha bado, naweza kukurudisha. Unataka?"

"Nataka, na asante sana, Mheshimiwa. Nina nia ya kuzeeka na yule mwenye gauni la bluu, akinikubali. Nitazihitaji figo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ndiyo!" Rowena akapaza sauti.

"Bibi Pruitt, mahakama haijakuuliza kitu."

"Nimeulizwa, Mheshimiwa," alisema, machozi yakimtiririka, "na nashukuru."

Jaji akamwambia karani aandike yote mawili: kurudi kwa Emmett na ndiyo ya Rowena.