Kimto cha Pini

Uzi uligoma kukauka.

Mama Nyuzi alikuwa ameutundika kwenye kamba tangu asubuhi, ameuning'inizia chupa ya maji ili mikunjo ya zamani inyooke, kama anavyofanya kwa kila uzi anaoufumua kutoka kwenye masweta ya mitumba. Jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia. Nepi za mjukuu wake, ambaye kwa udogo wake walimwita Kidonge, zilikuwa zimekauka kama karatasi. Uzi ule mwekundu wa rangi ya tofali bado ulikuwa unadondosha maji, tena maji ya uvuguvugu, yenye harufu ya nywele zilizoungua.

"Uzi mbishi," akasema, akaukamua. "Umekutana na mbishi mwenzio."

Hakushangaa sana. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikumwachia nafasi ya kushangaa.

Siku moja kabla ya hapo, wageni walikuja kumtazama mtoto. Wakiwa sebuleni, dada wa marehemu mume wake, anayeishi humo humo na nyumba nzima inamwita Shangazi, akasema neno huku anapuliza chai: "Mtoto mwenyewe wa kuokota, basi avae vya kuokota."

Alisema hivyo kwa sababu binti ya Mama Nyuzi alizaa, na baba wa mtoto mpaka leo hajatia mguu. Wageni wakatazama vikombe vyao. Binti akainuka na mtoto wake, akaenda kulia chumbani.

Mama Nyuzi alichukua sweta kuukuu alilolichambua mwenyewe kwenye robota la mitumba, akajifungia nalo kwenye chumba cha cherehani, akashika mkasi.

Hapo ndipo alipokosea. Sweta lililofumwa kwa mkono lina mwisho wake, pale mfumaji alipofunga kazi. Ukiupata mwisho ule ukaufungua, uzi unakuja wenyewe, laini. Mama yake alimfundisha hivyo, tena akamwambia: aliyefunga alikuwa na sababu yake, mfungulie kwa adabu. Mwisho wa sweta hili ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, na mdomo wa mkono huo ulikuwa umeshonwa ukazibwa, fundo juu ya fundo. Siku nyingine angekaa na yale mafundo na sindano butu, taratibu, mpaka yakubali. Siku hiyo Shangazi alikuwa amemkaa kooni. Akaukata mkono juu ya mafundo, akafumua sweta lote lililobaki. Na kwa kuwa si mtu wa kutupa kitu, kile kipande kilichozibwa alikijaza vitambaa, akakishona upande wa pili, akapata kimto kizuri cha kuchomekea pini.

Uzi ulipokataa kukauka, aliufuma hivyo hivyo mbichi. Lilikuwa sweta la Kidonge, akamvisha lilipokwisha tu. Shangazi atalitazama na roho yake imuume.

Mtoto alianza kulia siku hiyo.

Hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo. Kilikuwa cha hasira. Ngumi zimekunjwa, uso umeiva, midomo inageuka rangi kwa kukosa pumzi, halafu kinakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Nesi alimpapasa tumbo akasema hana kitu. Mganga alipoitwa alikaa sebuleni, akauliza habari za majirani, akatangaza kwamba nyumba ni safi. Aliposimama, uzi uliobaki kwenye kapu ulikuwa umemzunguka kifundo cha mguu. Aliondoka bila viatu.

Kidonge akaacha kunyonya. Binti akawa anamkamulia maziwa kwenye kijiko, naye anayatema.

"Mama, ataniachia nguo tu," akasema.

Mama Nyuzi akarudi kwenye cherehani, kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Ilikuwa mchana wa jua kali. Pini ziko mdomoni, mkono unafanya kazi, kichwa kinamtukana Shangazi. Mara akamwona amesimama mlangoni.

"Wifi," Shangazi akanong'ona.

"Humu sina wifi."

"Basi wewe mwenye nyumba. Hebu chomeka pini moja hapo."

"Ulimi umekuchosha, sasa unanipangia kazi?"

"Chomeka. Nakuomba."

Mama Nyuzi akatoa pini mdomoni, na kwa ubishi tu akaikita kwenye kimto. Chumba cha pili, mtoto akapiga yowe.

Wakatazamana.

"Nimekaa hapo nje tangu asubuhi nasikiliza," Shangazi akasema. "Kila ukichoma analia. Nilidhani nazeeka vibaya."

Mama Nyuzi akashika pini ile ile kwa ncha za vidole, akaivuta, na yowe likashuka. Akavuta nyingine, likashuka tena, na kila pini ilitoka na maji ya uvuguvugu, na chumba kikajaa ile harufu ya nywele zilizoungua, na chini ya kiganja chake kile kimto, alichokijaza vitambaa kwa mkono wake mwenyewe, kikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyekimbia, mpaka pini ya mwisho ilipotoka na sauti ikatokea humo ndani, ya mtu aliyewekewa mto usoni.

"Nilikuwa nimelala," ikasema. "Nani kanikatia mlango?"

Shangazi akateleza ukutani mpaka akakaa chini. Mama Nyuzi akakiinamia kimto kwa hasira.

"Aliyekata ni mimi," akanong'ona. "Aliyekuchoma ni mimi. Yule mtoto amekukosea nini? Hata meno hana."

"Na mimi mdomo sina. Nimeazima wa kwake."

"Urudishe."

"Nirudishie nyumba yangu. Yote, kama ilivyokuwa. Uzi ukipungua, mdomo nabaki nao."

Mama Nyuzi alimvua mjukuu wake sweta, akalifumua, safari hii kwa mwisho wake, kwa adabu, akaanza kulifuma upya lile la zamani, mgongo, kifua, shingo, huku vidole vinachubuka na uzi unamvujia mapajani, na kila mshono ulioteleza kwenye sindano kimto kilitoa mguno, na chumba cha pili binti akawa anaita, mama, amepoa, mama, amekuwa wa baridi, naye hawezi kujibu kwa sababu akijibu atapoteza hesabu ya mishono, na alipofika kwenye mkono wa kushoto, karibu kabisa kuuunga na kile kipande cha kimto, uzi ukamwishia.

Akatazama kapu. Tupu.

Shangazi akainuka kwa kushika ukuta, akatoka. Aliporudi alikuwa na kofia ndogo ya rangi ya tofali, imefumwa kwa sindano ya kulabu.

"Nilikuibia uzi," akasema. "Nilimfumia kofia. Nilitaka kuomba msamaha, mdomo ukakataa."

"Ungeniambia tu."

"Ungenijibu nini?"

"Ningekutukana."

"Ndiyo maana nikafuma."

Wakaifumua pamoja, mmoja anavuta, mwingine anafuma. Uzi ukafika, kwa shida. Mama Nyuzi alilazimika kulivuta fundo la mwisho kwa meno.

"Ulikata ncha?" akauliza.

"Kidogo tu, kama kidole. Nilifagia na taka."

Fundo likakaza. Sweta likakauka hapo hapo mikononi mwao. Chumba cha pili, Kidonge akapiga chafya, akatafuta ziwa.

"Mrudishie muuza mitumba," Shangazi akasema.

"Ili likamtese nani mwingine?"

Wakalifungia kwenye sanduku la bati, chini ya meza ya cherehani. Toka siku hiyo mawifi wale wanagombana kwa kunong'ona, maana sauti ikipanda, sanduku linavuja. Ukiwaona wamekaribiana vichwa jikoni, utadhani wanapendana. Wanatukanana.

Kidonge alikua. Anacheka, anaita bibi, anaimba ovyo. Kwa miezi mingi hawakuona kasoro, kwa sababu mtoto yule alilelewa na watu watatu, na hakuna aliyethubutu kumnyima kitu hadi alie.

Mchana mmoja alinyakua mkasi, na Shangazi akamnyang'anya. Mtoto akakunja ngumi, uso ukaiva, akafungua mdomo wote, machozi yanamtiririka. Kimya. Hata pumzi haikusikika.

Kilio kilitokea chini ya meza, sandukuni.