Hodi kwa Mama Jasvanti

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Zamzam alikunywa chai kwenye kibaraza chake cha ufundi, Kariakoo, akatengeneza pasi ya jirani, akafunika meza kwa turubai na kushika njia ya Mchafukoge, nyumbani kwa Mzee Lalit. Mzee huyu ana chumba kizima cha mashine za zamani za nyumbani, feni, cherehani, redio za mbao, na fundi wake tangu aanze kuzikusanya alikuwa Zamzam.

Alikuwa. Siku hizi kuna Celina.

Na kinachouma, Zamzam mwenyewe ndiye aliyempeleka binti huyo pale, eti amsaidie kufuta vumbi. Kumbe kampeleka mtu akalie kiti chake! Mzee alipoitoa kabatini mashine ya kuvuta vumbi ya marehemu mkewe, Jasvanti, ile ya chuma ya kijani yenye mpira mrefu na mfuko wa kitambaa, alimkabidhi Celina. Akasema atakayeifufua ndiye atakayeshika ufunguo wa chumba na kuzitunza mashine zote. Zamzam alitabasamu, akampongeza mwenzake, na usiku ule hakula.

Mzee aliweka sharti moja. Marehemu hakupenda mashine yake iguswe na mtu asiyeomba, kwa hiyo kila anayeishika apige hodi kwanza. Zamzam alicheka. Bati nalo lipigiwe hodi? Celina hakucheka. Kila akifika huvua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi ya nyumba ile, anainama na kusema taratibu, "Hodi, Mama Jasvanti." Ndipo anashika bisibisi.

Basi mchana ule Zamzam alifika, akavua kandambili zake, akaingia. Mzee alikuwa ghorofani anakula. Celina katoka kwenda kutafuta vipuri. Na mashine, masikini ya Mungu, iling'aa! Kutu yote imekwenda. Ule mpira uliokuwa umekakamaa sasa ulikuwa laini, umepakwa poda usigandane. Kazi safi, safi kuliko ambayo yeye angeweza kuifanya, na hilo ndilo lililomchoma.

Poda ilikuwa imemwagika kwenye sakafu nyekundu. Katikati ya poda, unyayo. Mguu wa kulia wa Celina, vidole vyote vitano.

Kwao Newala, Zamzam alikulia akiambiwa afute nyayo zake uani kabla ya kulala, kwa sababu mbaya wako akichota vumbi la unyayo wako amekuchota wewe. Aliutazama ule unyayo. Akawaza mto Msimbazi, maji yake meusi. Akiutupa humo, Celina atapotea njia ya nyumba hii, riziki itarudi kwa mwenyewe. Ndivyo alivyojiambia, kwamba anachukua chake tu.

Ufagio hakuuona. Akachomeka waya wa mashine ukutani, akabonyeza swichi. Hodi hakupiga.

Mashine ikaunguruma.

Akaupitisha mdomo wa bomba juu ya unyayo wa Celina. Poda haikusogea. Akarudia. Vidole vitano, vile vile. Akakandamiza bomba mpaka likakwaruza saruji. Unyayo ukabaki.

Mkono ukavutwa. Bomba liligeuka lenyewe, likatazama nyuma, alikotoka. Pale alipokanyaga poda palikuwa na nyayo zake. Bomba likafyonza mmoja. Fyu. Zamzam akahisi baridi chini ya mguu, mahali pale pale. Likafyonza wa pili.

Akazima swichi. Ikaunguruma. Akachomoa waya. Ikaunguruma. Mfuko ulikuwa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea. Akaliachia bomba, akakimbilia mlangoni, na kila alipokanyaga, nyuma yake alisikia: fyu. Fyu. Fyu.

Alifika Kariakoo pekupeku.

Akakaa kibarazani kwake siku nyingi bila kurudi Mchafukoge. Wateja wa zamani walikuwa wanampita. Wanasimama mbele ya meza yake, wanaangaza macho huku na huku kama waliosahau walichokuja kufanya, wanaenda kwa fundi wa pili. Alipowaita, waligeuka kwa kuchelewa.

Ikanyesha mvua, Kariakoo yote tope. Celina akaja pekupeku, viatu mkononi, na mfuko wa plastiki. Ufunguo wa Mzee Lalit ulining'inia shingoni mwake. Alimwamkia Zamzam kwa adabu, akamtolea zile kandambili alizoziacha, akasema mashine imekamilika, imewekwa mbele kabisa.

Zamzam alimuuliza, kwa sauti ndogo, kama siku ile alipoziacha mashine ilikuwa bado na hitilafu yoyote.

"Ilikuwa haina kaboni za mota, dada. Nilizitoa nikaenda nazo dukani nipate za saizi ile. Isingewaka kabisa."

Zamzam aliziweka kandambili chini. Celina alisogea karibu, akatazama pembeni, akanong'ona.

"Dada, ulifika kwa mzee leo asubuhi?"

"Sijakanyaga kule tangu siku ile."

"Maana nilipiga hodi kwa Mama Jasvanti, kama kawaida. Nikajibiwa karibu. Ndani ya mfuko wa mashine." Akameza mate. "Ilikuwa sauti yako. Ukaniomba nikufungulie."

Akaondoka haraka, hata hakuaga. Zamzam alizitazama nyayo za mwenzake zikielekea barabarani, zimechimba tope, zinajaa maji. Akateremka kibarazani bila viatu. Akaweka mguu kando ya unyayo mmoja, akaukandamiza mpaka tope likafika kwenye kifundo. Akaunyanyua.

Tope lilikuwa limetulia, laini, halina alama. Akakanyaga tena, kwa nguvu zake zote, huku analia. Pembeni unyayo wa Celina ulikuwa pale pale, vidole vitano.